Parafujo Iliyokataa Kufunguka

Jumamosi moja asubuhi nilishindwa na kipande cha chuma ambacho urefu wake haukuzidi ukucha wa kidole gumba. Ilikuwa parafujo inayoishikilia diski ya breki kwenye kitovu cha gurudumu la mbele la gari langu. Breki zilikuwa zikilia kwa siku nyingi, diski zilikuwa zimeliwa hata kubaki na ukingo mkali, na siku iliyofuata familia ilikuwa imepanga kusafiri. Nilinunua diski mpya, nikalipandisha gari kwenye stendi, nikaondoa gurudumu na kalipa, kisha nikachukua bisibisi ya nyota. Parafujo ya kwanza ilitoka bila ubishi. Ya pili ilikataa. Nilisukuma, nikazungusha, nikaudhika, nikazungusha tena. Bisibisi ikaruka nje ya nyota, ikaruka tena, na kila iliporuka ilikwangua kingo za nyota ile. Baada ya robo saa kichwani mwa parafujo hapakuwa na nyota tena, bali shimo la mviringo linalong'aa.

Mimi ni mwalimu wa chuo kikuu. Nilikwenda ng'ambo nikarudi na shahada ya uzamivu, na mada ya utafiti wangu haikuwa mbali na mambo ya msuguano. Hata hivyo asubuhi ile nililazimika kufunika zana zangu na kwenda kwa miguu hadi gereji ya chini ya mwembe kumwita fundi. Mzee yule alikuja na kijana wake mwanagenzi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akachuchumaa mbele ya gurudumu, akatazama kazi yangu kwa muda, akasema kwa upole: "Mwalimu, hii umeiua mwenyewe." Kisha akamgeukia kijana: "Mweleze mwalimu kwa nini."

Nia ya makala hii ni kueleza aliyonieleza kijana yule, kuongeza machache ambayo kitabu kinaweza kuyaongeza, na kisha kutoa shauri ambalo najua baadhi ya walimu wenzangu hawatalipenda.

Mteremko uliozungushwa

Hebu tuanze na jambo ambalo kila mwanafunzi wa kidato cha pili amelisoma. Parafujo ni mteremko uliozungushwa kwenye nguzo. Ukikata karatasi ya umbo la pembetatu ukaizungushia penseli, ukingo wake wa mshazari utachora hesi ya parafujo. Parafujo nyingi za diski za breki ni za kipimo cha milimeta 6 au 8. Tuchukue ya milimeta 6. Kila inapozunguka mara moja husogea mbele milimeta 1, na mzingo wake, ukipimwa katikati ya kina cha hesi, ni karibu milimeta 17. Kwa hiyo mteremko wake ni 1 kwa 17, yaani pembe ya digrii tatu na ushei.

Sasa tuangalie msuguano. Chuma kikavu kinapoteleza juu ya chuma, uwiano wa kani ya msuguano na kani inayokandamiza huweza kuwa karibu 0.15 katika kazi za bolti na nati. Uwiano huo ni sawa na mteremko wa digrii 8 na nusu. Maana yake ni hii: kitu kikiwekwa juu ya mteremko wa digrii tatu hakitateleza chenyewe, kwa sababu mteremko ungelazimika kufika digrii 8 na nusu kwanza. Ndiyo sababu parafujo iliyokazwa hubaki imekazwa bila kushikwa na mtu.

Hesabu hiyohiyo inatuletea fumbo. Wakati wa kukaza, mkono hupambana na msuguano na pia hupandisha mzigo juu ya mteremko. Wakati wa kufungua, mkono hupambana na msuguano peke yake, na mteremko humsaidia. Kwa hiyo, kwa mujibu wa kitabu, kufungua parafujo yapasa kuwe rahisi kuliko kuikaza. Mbona basi parafujo iliyokazwa kiwandani kwa kani ya kuzungusha ya kiasi cha nyutonimita 10 ikatae kufunguka hata kwa mara tatu ya kani hiyo? Mwalimu anayeishia kwenye hesabu ya mteremko hana jibu, na mwanafunzi mwerevu ana haki ya kumwuliza.

Kutu na kabari

Jibu la kwanza ni kutu. Chuma kikikutana na oksijeni na maji hugeuka kuwa oksidi yenye maji ndani yake. Kutu hiyo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, aghalabu zaidi ya mara mbili. Katika uwazi mwembamba ulioko baina ya hesi za parafujo na hesi za kitovu, kutu haina pa kwenda. Hujaza kila pengo, hukandamiza pande zote mbili, na mwisho huzishika kama saruji. Chumvi huharakisha kazi hiyo, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, na kutu ni mwendo wa kikemia unaokwenda sambamba na mwendo wa umeme. Ndiyo sababu gari la Tanga, Mombasa au Unguja huota kutu upesi kuliko gari la Dodoma. Ndiyo sababu pia magari ya nchi za baridi, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, huwa na sakafu na breki zilizoliwa. Magari mengi tunayonunua yakiwa yametumika hutoka Japani, na yale yaliyotembea katika mikoa yenye theluji huweza kuja na chumvi hiyo mifupani.

Jibu la pili ni joto. Breki ni chombo cha kugeuza mwendo kuwa joto. Gari la tani moja na nusu likisimamishwa kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa, nishati ya karibu kilojuli 370 lazima iende mahali, na sehemu kubwa huishia kwenye diski. Diski hupanuka, hupoa, hujikunja, mara maelfu kwa maelfu. Parafujo ile ndogo imo katikati ya pumzi hiyo ya chuma kwa miaka kumi au kumi na tano. Grisi yoyote iliyokuwamo hukauka, na maji hupenya kila baada ya mvua.

Jibu la tatu limo katika umbo la kichwa. Parafujo hii haina kichwa bapa kama bolti ya kawaida. Kichwa chake ni pia, nacho hukaa ndani ya shimo la umbo hilohilo ili kisichomoze na kulizuia gurudumu lisikae sawa. Pia ni kabari ya mviringo. Kama pembe yake yote ni digrii 90, kila nyutoni 100 za mvuto wa parafujo hugeuka kuwa nyutoni 141 za mkandamizo kwenye kuta za shimo. Msuguano hufuata mkandamizo, kwa hiyo kichwa cha pia hung'ang'ania kuliko kichwa bapa. Hata bila kutu, takribani nusu ya kani ya kuzungusha inayotumika katika bolti ya kawaida huliwa chini ya kichwa. Weka neno hili akilini, kwa sababu litaturudia mwishoni.

Nyota isiyo nyota yoyote

"Kosa la pili," kijana aliniambia, "ni bisibisi. Umetumia namba mbili. Hii ni namba tatu."

Nilitazama bisibisi yangu. Kweli ilikuwa nyembamba, na ncha yake ilikuwa ikigusa sakafu ya nyota kabla mbawa zake hazijajaza mbawa za nyota. Kwangu mimi bisibisi ya nyota ilikuwa ni bisibisi ya nyota. Kumbe hata nyota zina koo zake.

Nyota tunayoijua sana ilienezwa na Mmarekani Henry Phillips wa Portland, aliyepewa hataza zake mwaka 1936 baada ya kuchukua na kuendeleza wazo la John Thompson. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 viwanda vya magari vya Marekani vikaanza kuitumia. Ilipendwa kwa sababu ncha ya bisibisi hujipeleka yenyewe katikati, jambo linalofaa sana mashine ya kufunga parafujo kwa haraka. Lakini mbavu za nyota hiyo zimelala kwa mshazari. Mkono unapozungusha, sehemu ya kani hugeukia nyuma na kuisukuma bisibisi nje. Anayefunga haoni tabu, maana anasukuma na kuzungusha kwa pamoja. Anayefungua, tena parafujo yenye kutu, huzungusha kwa nguvu zote na kusahau kusukuma. Hapo nyota hufa.

Wajapani nao walikuwa na kipimo chao cha taifa cha nyota. Inafanana kwa macho na ya Phillips lakini haifanani kwa kina na kwa mviringo wa pembe, na bisibisi ya Phillips hukaa ndani yake kama mguu katika kiatu cha mtu mwingine. Parafujo nyingi za namna hiyo zina nukta ndogo kichwani. Nimeendesha magari ya Kijapani kwa miaka mingi, nukta ile nimeiona mara nyingi, nami nikadhani ni pambo.

Tufanye hesabu moja ili tuone kwa nini ncha inayokaa sawasawa si anasa. Tuseme parafujo imekwama, na yahitaji nyutonimita 30 ili iachie. Mkono mtupu juu ya mpini wa bisibisi hauwezi kutoa kiasi hicho. Mtu mzima mwenye nguvu hutoa nyutonimita chache tu. Tukitumia spana ya sentimeta 20 kwenye shina la bisibisi, kani ya nyutoni 150 mwishoni mwa spana itatosha. Lakini kani hiyo itaishia wapi? Itaishia kwenye mbawa nne za nyota, zilizo umbali wa kama milimeta 3 kutoka katikati. Gawanya 30 kwa 0.003, utapata nyutoni 10,000, sawa na uzito wa tani moja, uliogawanywa kwa mbawa nne zenye upana wa milimeta chache za mraba. Kama bisibisi imegusa ncha za mbawa tu, chuma hakiwezi kuvumilia. Wenzo umefanya kazi yake kwa uaminifu, ukaiharibu parafujo.

Alivyofanya fundi

Mzee hakukimbilia nguvu. Kwanza alisugua kutu ya kichwani kwa brashi ya waya, akadondoshea mafuta mepesi ya kupenya, akawasha redio yake ndogo na kukaa. Nilitaka kuuliza tunangoja nini, lakini jibu nililijua. Mafuta huingia kwenye mwanya mwembamba kwa mvutano wa uso wake, kama wino unavyopanda kwenye karatasi ya kukaushia. Katika mwanya safi wenye nusukipenyo cha sehemu moja kwa mia ya milimeta, mafuta mepesi yangeweza kwa hesabu kupanda zaidi ya nusu meta kinyume cha mvutano wa dunia. Nguvu basi ipo, ila mwendo haupo, kwa sababu njia ni nyembamba mno na imejaa kutu. Anayemwaga mafuta na kuzungusha papo hapo ameosha kichwa cha parafujo tu. Subira hapa ni sharti la fizikia.

Baada ya kungoja, mzee alichukua tindo fupi butu, akaiweka katikati ya kichwa na kuipiga nyundo mara tano au sita, mapigo ya wima, bila kuzungusha. Nyundo ya kilogramu 1 ikifika kwa mwendo wa meta 5 kwa sekunde, na ikasimamishwa kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, hutoa kani ya wastani ya nyutoni 5,000. Kani hiyo ni ya kitambo kidogo mno, haitoshi kuuchosha mkono, lakini yatosha kuipasua kutu, ambayo ni ngumu na huvunjika kama kigae ilhali chuma hunyumbuka. Kwa wazo hilo imetengenezwa bisibisi ya kupigwa nyundo. Ndani yake mna mteremko unaogeuza pigo la wima kuwa mzunguko mfupi wenye nguvu, na pigo lilelile huizamisha ncha ndani ya nyota wakati huohuo. Kani inayosukuma na kani inayozungusha huzaliwa pamoja, jambo ambalo mkono wangu haukuweza kulifanya. Laiti ningeitumia mwanzo, wala nisingemwita mtu. Lakini nyota yangu ilikuwa imekwisha kufa.

Moto mzee aliukataa. Alisema, na ni kweli, kwamba karibu na hapo kuna grisi ya beringi, mpira wa mabomba ya breki na waya za vihisio. Nami naongeza kwamba hesabu ya moto ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Chuma hupanuka kwa sehemu 12 katika milioni kwa kila digrii moja. Parafujo ya milimeta 6 ikipashwa digrii 200 huongezeka unene kwa milimeta 0.014 tu. Faida ya moto ni kuivunja kutu kwa kupanua na kukunja, wala si kufungua mlango mpana. Na jambo la hatari: baadhi ya vimiminika vya kusafishia breki vina klorini, na mvuke wake ukikutana na moto huweza kutoa fosijeni, gesi ya sumu iliyoua askari wengi katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mtu asitumie moto mahali alipopuliza kimiminika hicho.

Ikabaki njia ya keekee. Kijana alitia alama katikati ya kichwa kwa patasi ya nukta, akatoboa kwanza kwa ncha ya milimeta 3, polepole, kisha kwa ncha pana kidogo kuliko shina la parafujo, yaani milimeta 6 na nusu. Hakutoboa hadi mwisho. Alitoboa hadi kichwa kikakatika na kubaki kama pete kwenye ncha ya keekee. Diski ikawa haina wa kuizuia, lakini bado ilishikwa na kutu kwenye kitovu. Hapo akafanya jambo lililonifurahisha kuliko yote. Diski nyingi za Kijapani zina matundu mawili yenye hesi ambayo hayana parafujo. Alitia bolti mbili za milimeta 8 humo, akazikaza kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule. Bolti zikagusa kitovu, zikakosa pa kwenda, zikaisukuma diski nje bila pigo hata moja la nyundo. Parafujo ilitufunga, na parafujo ikatufungua.

Kitovuni palibaki kisiki cha parafujo kimechomoza. Kijana alikishika kwa koleo. Nilijiandaa kuona mapambano. Kisiki kikazunguka kama kifuniko cha chupa, na mizunguko ya mwisho aliimaliza kwa vidole.

"Kwa nini sasa imekubali?" nikauliza, kama mwalimu aulizavyo.

"Kwa sababu kilichokuwa kinashika ni kichwa," akajibu. "Kichwa kinavuta shina, shina linabana hesi. Ukikitoa kichwa, hakuna anayevuta."

Ndilo lile neno nililomwomba msomaji aliweke akilini. Mkazo wa shina ndio unaozikandamiza hesi. Ondoa kichwa, mkazo huondoka, na msuguano unaotokana nao huondoka pia. Nimefundisha jambo hilo ubaoni kwa miaka mingi. Sikuwahi kulisikia likielezwa kwa maneno machache hivyo.

Kijana aliyefeli fizikia

Wakati mzee akisafisha kitovu, nilimwuliza kijana alisoma wapi. Akanitajia sekondari ya kata yake. "Fizikia nilifeli, mwalimu," akasema bila kuona haya. "Hatukuwahi kushika kitu. Tulikuwa tunanakili."

Kisha nikaona kovu juu ya jicho lake la kushoto. Akaniambia kwamba mwaka wake wa kwanza gereji alipiga nyundo kichwani mwa nyundo nyingine, kipande kikaruka. Hakuna aliyemwambia kwamba feleji iliyokaushwa ni ngumu lakini haina uvumilivu, na ikigongana na mwenzake humeguka badala ya kubonyea. Jicho lilipona kwa bahati.

Mambo hayo mawili, kufeli na kovu, ndiyo yaliyonifanya niandike. Kijana huyu anaelewa mkazo na msuguano kuliko wanafunzi wangu wengi wa mwaka wa kwanza, na shule ilimwambia kwamba hana akili ya sayansi. Lakini pia gereji ilimfundisha kwa gharama ya karibu jicho lake, kwa sababu elimu aliyoikuta pale haikuwa na maneno ya kueleza kwa nini. Shule ilikuwa na maelezo bila kitu cha kushika, gereji ikawa na vitu bila maelezo, naye akapita katikati.

Shauri langu ni hili. Kila shule ya sekondari inayofundisha fizikia na iwe na sanduku la vyuma vibovu: parafujo zenye kutu, bolti zilizokatika, diski iliyoliwa, bisibisi zilizokufa. Vitu hivyo hutupwa kila siku katika gereji zetu, na fundi atampa mwalimu bure akiombwa kwa adabu. Somo la mteremko na lianze kwa kufungua parafujo, na hesabu ifuate. Wanafunzi wapime kwa mizani ya springi kani inayohitajika mwishoni mwa spana. Wapake nusu ya parafujo mafuta na kuziacha nusu kavu kwa wiki moja. Waziweke nyingine katika maji ya chumvi na nyingine katika maji ya kawaida, waandike matokeo. Tena mara moja kwa muhula fundi na aalikwe darasani, aheshimiwe kama mgeni, aulizwe maswali, naye aulize.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wapo watakaosema kwamba shule si gereji, na kwamba kazi ya sayansi ni kanuni za jumla, si parafujo moja. Nakubali kwamba kanuni ni za jumla. Lakini kanuni ambayo mwanafunzi hajawahi kuiona ikimshinda hajaijua bado, ameikariri. Kitabu changu kilisema kufungua ni rahisi kuliko kukaza. Parafujo ikasema sivyo. Baina ya kauli hizo mbili ndimo sayansi inamoanzia, maana hapo ndipo mtu hulazimika kuuliza ni kitu gani hakikutiwa katika hesabu.

Wapo pia watakaosema kwamba kwa ushauri huu ninawasukuma watoto wa wakulima wabaki mafundi, huku watoto wa wakubwa wakiendelea na vitabu. Pingamizi hii ni nzito, nami siipuuzi. Ndiyo maana sisemi sanduku hilo liwekwe katika shule za ufundi peke yake. Liwekwe zaidi katika zile shule zinazojivuna kwa kupeleka vijana vyuo vikuu. Mimi ndiye mfano wa hasara. Nilifika hadi shahada ya uzamivu bila mtu kuniambia kwamba bisibisi ina namba.

Wengine watauliza kwa nini tuhangaike, ilhali parafujo yenyewe si ya lazima sana. Kweli, gurudumu likisha kufungwa, nati zake huibana diski kwa kani kubwa mno. Nati moja ya milimeta 12 iliyokazwa kwa nyutonimita 100 huvuta kwa kiasi cha nyutoni 40,000, na parafujo yetu ndogo haifiki nyutoni 10,000. Mafundi wengi huiacha nje wakaenda zao. Lakini parafujo huiweka diski mahali pake wakati gurudumu halipo, ili uchafu usiingie nyuma yake. Diski ikikaa upande kwa sehemu ya kumi ya milimeta tu, usukani huanza kutetemeka dereva akanyagapo breki. Aliyeitengeneza gari aliiweka kwa sababu, na anayeiondoa anapaswa kuijua sababu hiyo kwanza. Mzee wetu alirudisha parafujo mpya, akaipaka grisi kidogo kwenye hesi, akaikaza kwa kiasi, akieleza kwamba hesi yenye grisi hudanganya mkono: kani ileile ya kuzungusha huvuta zaidi, na ukizidisha utaikata. Kisha akaifuta diski yote kwa kitambaa safi, maana tone la mafuta kwenye diski ya breki ni adui wa uhai.

Kwa mwanafunzi atakayejaribu kazi kama hii, namwachia maonyo machache. Gari likae kwenye stendi imara, si kwenye jeki peke yake, na magurudumu yanayobaki chini yawekewe kabari. Kalipa ining'inizwe kwa waya, isining'inie kwa bomba lake la mpira. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa hewa ya mashine. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu baadhi ya pedi, hasa za zamani, zilitiwa asbesto, ambayo huharibu mapafu. Na miwani ya kukinga macho ivaliwe kabla nyundo haijainuliwa. Mtu mwenye uzoefu akague kazi kabla gari halijatembea.

Jioni ile nilimlipa mzee, naye akanirudishia kichwa cha parafujo, kile kilichobaki kwenye ncha ya keekee kama pete. Ninacho mezani kwangu chuoni. Mwanzo wa kila mwaka wa masomo hukipitisha mkono kwa mkono darasani na kuuliza kwa nini kisiki kilitoka kwa vidole baada ya kichwa kukatwa. Kufikia sasa wanaojibu upesi ni wachache. Kijana nilimpa miwani ya kukinga macho na kitabu cha fizikia cha kidato cha tatu. Amenitumia salamu kwamba miwani anaivaa, na kwamba kitabu kimekosea mahali pamoja kuhusu parafujo. Nimemwomba aje aniambie ni ukurasa gani.